Wanaopima Ubongo kwa Subira

Kwenye kioo cha kompyuta kuna picha ya kichwa cha mtu, kimekatwa vipande vyembamba vya milimita moja kwa nguvu ya sumaku. Picha haina jina. Ina namba tu, na ufunguo wa namba hiyo anao mtu mwingine, ili anayepima asijue kama kichwa hiki ni cha mgonjwa aliyeishi kwa miaka ishirini na skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti wasizozisikia wengine, au ni cha mtu mwenye afya aliyejitolea kupigwa picha. Wakati mwingine hata pande hubadilishwa, kushoto ikawa kulia, kwa sababu mpimaji anayetarajia kuona kasoro upande wa kushoto anaweza kudanganywa na mkono wake mwenyewe. Basi anashika kipanya, anakuza picha, anaanza kuchora ukingo.

Anachokichora ni hipokampasi. Ni sehemu ya ubongo iliyojikunja ndani kabisa, usawa wa sikio, moja kila upande, na bila hiyo mtu hashiki kumbukumbu mpya. Kwa mtu mzima ina urefu wa kama sentimita 4, na ujazo wake ni kati ya sentimita za ujazo 3 na 4. Tatizo ni kwamba haikuwekewa uzio. Mbele imegusana na amigdala, ambayo katika picha ni kijivu kama yenyewe; kinachozitenganisha ni utando mweupe mwembamba pamoja na kidole cha maji ya ubongo kinachopenya katikati, na kidole hicho katika vichwa vingine kinaonekana wazi, katika vingine hakionekani kabisa. Nyuma inakoma pale nyuzi nyeupe za forniksi zinapoanza kuinuka. Upande wa ndani hakuna mpaka wowote wa kuonekana kwa macho, kijivu kinaingia ndani ya kijivu. Hapo mpimaji hufuata kanuni iliyoandikwa: piga mstari kutoka pembe hii hadi pembe ile. Kanuni yenyewe ni makubaliano tu ya watu, na maabara moja haikukata palepale ilipokata nyingine. Kinachotakiwa ni kwamba mpimaji akate leo palepale alipokata mwezi uliopita.

Ubongo mmoja unaweza kula saa nzima au zaidi. Na akimaliza, hajamaliza. Miongoni mwa picha za wiki zijazo atachomekewa zilezile alizokwisha kuzichora, zikiwa na namba mpya, ili ionekane kama anakubaliana na nafsi yake. Mwenzake naye atapewa baadhi ya picha hizo bila kuoneshwa mistari ya kwanza. Vipimo vyao visipokaribiana sana, wote wawili wanarudi darasani, na kazi iliyokwishafanyika haihesabiwi.

Ukali wote huo una sababu. Mwaka 1998 watafiti waliounganisha tafiti 18 za wakati huo walipata kwamba hipokampasi ya watu wenye skizofrenia ni ndogo kwa wastani wa asilimia 4. Asilimia 4 ya sentimita za ujazo 3.5 ni punje moja ya kunde. Mkono ukinenepesha mstari kwa nusu milimita tu kuzunguka kote, punje hiyo imemezwa, au imezaa wenzake watano ambao hawapo. Tumezoea kusifu mashine za mabilioni zinazopiga picha hizi. Mimi sifa zangu nyingi nawapa waliokaa mbele ya kioo wakaihesabu punje hiyo bila kujua ni ya nani.

Hamu ya kuuona ubongo wa mgonjwa angali hai ni ya zamani kuliko sumaku na kompyuta. Mwaka 1919 daktari wa upasuaji Walter Dandy, wa Baltimore nchini Marekani, alieleza namna ya kuvuta maji ya ubongo kupitia uti wa mgongo na kuingiza hewa mahali pake, kisha kupiga eksirei. Hewa ilijaa kwenye ventrikali, yaani vile vyumba vya maji vilivyo katikati ya ubongo, na umbo lake likaonekana kwenye filamu. Mgonjwa aliumwa kichwa kwa siku kadhaa na kutapika. Mwaka 1927 madaktari wawili wa Jena, Ujerumani, Jacobi na Winkler, waliwapiga picha za namna hiyo wagonjwa wa skizofrenia na kuripoti kwamba vyumba vyao vilikuwa vimepanuka. Walikuwa wameona jambo la kweli. Lakini nani angemtia mtu mzima wa afya katika mateso yale ili apatikane wa kulinganisha naye? Bila mtu huyo, ripoti yao ilining'inia hewani kwa karibu nusu karne.

Aliyeifungua njia hakuwa hata daktari. Godfrey Hounsfield alikuwa mhandisi katika EMI, kampuni ya Uingereza ambayo watu wengi waliijua kwa sahani za santuri, na tarehe 1 Oktoba 1971 mashine yake ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza katika hospitali ya Atkinson Morley, Wimbledon, jijini London. Picha ilikuwa na miraba 80 kwa 80, chakavu kiasi kwamba simu ya leo ya bei ya chini ingeionea aibu. Hata hivyo ubongo ulionekana bila kutobolewa wala kujazwa hewa. Ndiyo CT tunayoijua leo, na mwaka 1979 ilimpa Hounsfield Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack.

Miaka mitano tu baada ya mgonjwa yule wa kwanza, yaani mwaka 1976, Eve Johnstone, Timothy Crow na wenzao wa hospitali ya Northwick Park, pembezoni mwa London, walitoa makala fupi katika jarida la Lancet. Waliwachukua wagonjwa 17 wa skizofrenia sugu waliokuwa wakiishi hospitalini Shenley, watu ambao tiba ilikuwa imekwisha kuwakatia tamaa, wakawalinganisha na watu wanane wa umri wao waliokuwa na ajira zao. Vyumba vya maji vya wagonjwa vilikuwa vikubwa zaidi. Tena miongoni mwa wagonjwa wenyewe, kadiri vyumba vilivyopanuka ndivyo walivyoshindwa zaidi vipimo vya kufikiri na kukumbuka.

Watu 17 na watu wanane! Leo mwanafunzi wa shahada ya pili akileta utafiti wa ukubwa huo ataambiwa aende akaongeze. Ila ukumbuke ni wakati gani. Kwa miaka mingi baada ya Vita Kuu ya Pili, wataalamu wengi wa Marekani na Ulaya walikuwa wakifundisha kwamba skizofrenia huletwa na malezi, hasa mama baridi asiyejua kupenda. Mama alimleta mwanawe hospitalini akiwa amechanganyikiwa, akarudi nyumbani yeye mwenyewe akiwa mtuhumiwa. Msomaji wa kwetu asicheke haraka. Sisi nasi tunao watu wa kuwatuhumu, jirani aliyeroga, mke aliyeolewa kwa nia mbaya, bibi aliyebaki peke yake shambani. Vyumba vilivyopanuka havikueleza chanzo cha ugonjwa, lakini vilifanya iwe vigumu kuendelea kusema kwamba hakuna lolote ndani ya fuvu.

Mwaka 1979 Daniel Weinberger na wenzake wa Marekani walirudia kipimo kwa wagonjwa sugu 58, wote wa chini ya miaka 50 ili uzee usisingiziwe. Walipima kwa planimita, chombo chenye mkono na gurudumu dogo: unaupitisha mkono wake juu ya mstari wa ukingo, ukirudi ulikoanzia gurudumu linakupa eneo la ndani. Walipima eneo la ventrikali, wakapima eneo la ubongo wote katika kipande kilekile, wakagawanya. Majibu yakawa yaleyale ya Northwick Park.

Halafu ikaja hoja ambayo naiona ni miongoni mwa hoja safi kabisa katika historia ya kazi hii. Mwaka 1986 Smith na Iacono walipekua tafiti za CT zilizokuwa zimelundikana, wakauliza: hawa watu wa kulinganishia wametoka wapi? Katika tafiti nyingi walikuwa wametolewa kwenye mafaili ya hospitali, watu waliopigwa picha kwa sababu nyingine na daktari akaandika kwamba picha ni ya kawaida. Maana yake yeyote mwenye vyumba vikubwa kidogo alikuwa amekwishaondolewa mapema. Tofauti iliyoonekana kubwa ilitokana kwa sehemu na udogo wa vyumba vya hao wa kulinganishia, wala si ukubwa wa vyumba vya wagonjwa peke yake. Hapo mtu anaelewa kwamba katika ufundi huu kumchagua wa kulinganisha naye ni nusu ya kipimo.

Na nani angekuwa wa kulinganisha naye bora kuliko wote? Jibu walilitoa Richard Suddath, Weinberger, E. Fuller Torrey na wenzao mwaka 1990 katika New England Journal of Medicine: pacha wake. Walitafuta mapacha wa kufanana, waliotokana na yai moja, ambao mmoja ana skizofrenia na mwenzake hana. Watu wa namna hiyo hawapatikani kila kona. Torrey, ambaye dada yake mwenyewe aliugua skizofrenia tangu ujana, alishughulika sana na kuwatafuta. Zilipatikana jozi 15, wa umri wa miaka 25 hadi 44, jozi 8 za wanaume na 7 za wanawake.

Fikiria uzuri wa mpango huo. Urithi ni mmoja, tumbo la mama moja, nyumba ya kukulia moja. Ukubwa wa kichwa, ambao hutofautiana sana kati ya mtu na mtu na huwasumbua wapimaji wote, hapa karibu unajifuta wenyewe. Kwanza mpimaji alioneshwa picha za jozi zilizopigwa kwa MRI, yaani mashine ya sumaku, akatakiwa aseme kwa macho tu, kwa kutazama nafasi za maji, yupi ndiye mgonjwa. Katika jozi 12 alipatia. Katika jozi mbili hakuona tofauti. Katika moja alimtaja mzima kuwa mgonjwa, na wakaliandika hilo waziwazi kwenye muhtasari wa makala ili kila mtu alisome. Kisha wakapima. Hipokampasi ya kushoto ilikuwa ndogo kuliko ya pacha mzima kwa wagonjwa 14 kati ya 15, na ya kulia kwa 13. Ventrikali za pembeni zilikuwa kubwa zaidi kushoto kwa 14, kulia kwa 13. Wakachukua na jozi nyingine saba za mapacha wa kufanana ambao wote wawili ni wazima, wakawapima vilevile. Tofauti hizo hazikuonekana.

Kilicho kizito zaidi katika utafiti ule kinahitaji kusomwa polepole. Picha za baadhi ya wagonjwa hawa, ukizitazama peke yake, ni za kawaida. Daktari yeyote angeandika hivyo na asingekosea. Upungufu unaonekana pale tu unapomweka mgonjwa kando ya pacha wake, ambaye anakuonesha ubongo huo ungekuwaje ugonjwa usingeingia. Watu wengine hawana pacha, kwa hiyo ubongo ambao wangekuwa nao haupo mahali popote pa kupimwa.

Kuanzia hapo kazi ilikwenda kasi, nami sitaifuata yote. Mwaka 1992 Martha Shenton, Robert McCarley na wenzao wa eneo la Boston walipima wanaume 15 wenye skizofrenia sugu kwa vipande vya milimita moja na nusu, wakakuta kwamba mkunjo wa juu wa sehemu ya ubongo iliyo kando ya sikio la kushoto, unaohusika na kusikia na kuelewa maneno, umepungua kwa asilimia 15 hivi, na waliopungukiwa zaidi ndio ambao mazungumzo yao yalivurugika zaidi. Wengine waliacha umbo wakatafuta kazi yenyewe ya ubongo. David Silbersweig, Emily Stern na wenzao, katika makala ya mwaka 1995, waliwalaza wagonjwa ndani ya mashine ya PET, inayoonesha ubongo ukiwa kazini, wakawapa kitufe: ukisikia sauti, bonyeza. Mgonjwa ndiye aliyekuwa mpimaji wa sauti zake, na bila uaminifu wake mashine isingejua itazame sekunde ipi.

Sasa tuje kwenye neno “sugu”, ambalo limewatesa mafundi hawa kuliko ukingo wa hipokampasi. Mtu aliyeugua miaka ishirini ametumia dawa miaka ishirini. Huenda amevuta sigara nyingi, amekula chakula cha hospitali, amenenepa, amekaa bila kazi na bila wa kuzungumza naye. Ukiona ubongo wake umepungua, ni ugonjwa, ni dawa, au ni maisha? Huko Pittsburgh, Marekani, watafiti walitoa jibu la sehemu moja kwa kutumia nyani 18 aina ya makaku, wasio na ugonjwa wowote. Baadhi walipewa dawa za skizofrenia, haloperidoli au olanzapini, kwa miezi 17 hadi 27. Matokeo yalitoka mwaka 2005: ubongo wa waliopewa dawa ulikuwa mdogo kwa asilimia 8 hadi 11. Mwaka 2011 Beng-Choon Ho, Nancy Andreasen na wenzao wa Iowa, waliowafuatilia wagonjwa 211 kwa wastani wa miaka 7.2, wakaripoti kwamba waliotumia dawa nyingi zaidi ndio waliopungukiwa zaidi, hata baada ya kuhesabu ukali wa ugonjwa.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kupiga kelele kwamba dawa zinakula ubongo, na wapo waliopiga. Wapimaji hawakuishia hapo. Walikwenda kuwatafuta wagonjwa ambao hawajawahi kumeza kidonge hata kimoja. Mwaka 2013 timu ya Utrecht, Uholanzi, iliunganisha tafiti za watu zaidi ya 18,000 na kukuta kwamba hata wasioonja dawa ubongo wao umepungua, ila si kwa kiasi cha waliotumia. Basi ni vyote viwili, na mizani kamili haijapatikana. Mtaalamu anayekujibu swali hili kwa sentensi moja, mtilie shaka.

Siku hizi mkono umepumzishwa kiasi. Programu kama FreeSurfer, iliyoasisiwa na Bruce Fischl na wenzake katika Massachusetts General Hospital, inachora yenyewe mipaka ya ubongo mzima na kupima unene wa gamba lake, yaani tabaka lake la nje, kwa visehemu vya milimita. Wengi hudhani kompyuta ilijua. Kompyuta ilifundishwa na picha ambazo watu walizichora kwanza kwa mikono yao, kipande baada ya kipande. Moja ya ramani zake maarufu za gamba la ubongo imesimama juu ya vichwa 40 vilivyochorwa hivyo. Na bado binadamu hukaa kukagua, maana mgonjwa akitingisha kichwa kidogo ndani ya mashine, picha hufifia na programu hulisoma gamba kuwa jembamba kuliko lilivyo. Mtu mwenye wasiwasi, anayesikia sauti, aliyefungiwa ndani ya bomba linalogonga kama karakana, ana kila sababu ya kutingisha kichwa. Usipoliangalia hilo utakuwa umepima hofu yake ukaiita ugonjwa wa ubongo.

Programu hizo zilipoenea, maabara ziliweza kuunganisha nguvu. Mwaka 2016 mtandao wa maabara uitwao ENIGMA ulitoa vipimo vya wagonjwa 2,028 na wazima 2,540 kutoka vituo 15. Mwaka 2018 ukaongeza vipimo vya gamba la ubongo vya wagonjwa 4,474 na wazima 5,098 kutoka vituo 39. Hipokampasi ndiyo iliyoongoza kwa upungufu miongoni mwa sehemu za ndani, vyumba vya maji vilikuwa vikubwa, gamba lilikuwa jembamba karibu kila mahali, zaidi mbele na kando ya masikio. Yaani miaka arobaini baada ya wale wagonjwa 17 wa Shenley, maelfu ya vichwa yalisema kile ambacho Johnstone na wenzake walikisema kwa vichwa 25.

Ila tazama tena ukubwa wa tofauti. Kwa hesabu ya ENIGMA, karibu mgonjwa mmoja kati ya watatu ana hipokampasi kubwa kuliko wastani wa watu wazima wa afya. Makundi yanatofautiana, watu wanaingiliana. Hakuna mstari ambao ukiuchora upande mmoja watabaki wagonjwa na upande wa pili wazima. Ndiyo maana hadi leo skizofrenia haipimwi kwa picha, iwe London, hospitali ya Mirembe kule Dodoma au ile ya Mathari jijini Nairobi. Daktari anaijua kwa kuketi na mgonjwa na ndugu zake, kuuliza, kusikiliza, na kufuatilia kwa miezi. Akiagiza CT au MRI, mara nyingi anataka kuhakikisha kwamba hakuna uvimbe, damu iliyovuja au maambukizi yanayojifanya kuwa ugonjwa wa akili.

Kwa hiyo kama nyumbani kwenu kuna kijana aliyeanza kusikia sauti ambazo ninyi hamzisikii, msiuze kiwanja ili apigwe picha ambayo daktari hakuiomba. Na kama aliiomba, ikapigwa, na majibu yakaja yameandikwa kwamba hakuna kasoro, msirudi nyumbani mkamwambia kuwa anajifanya au kwamba basi ni majini. Mpelekeni kliniki ya afya ya akili, na dawa atakazoandikiwa asiziache kabla ya kuzungumza na daktari wake.